Cheo cha Hewani

Zamani wazee wetu wakikutana walianza kwa kuulizana habari za mvua. Sisi tunaoishi huku Marekani, tukikutana harusini au msibani, tunaulizana habari za nauli. Ulipitia wapi? Ulilipa kiasi gani? Na hapo hakosekani mtu mmoja atakayekohoa kidogo na kusema kwamba yeye haangalii bei. Yeye ana kadi. Huitoa pochini kama mtu anayetoa picha ya mjukuu. Ni kadi ya fedha, au ya dhahabu, au ya rangi nyingine inayoipita dhahabu, na maana yake ni kwamba shirika fulani la ndege limemtambua kuwa msafiri wake mwaminifu. Tangu alipotambuliwa hapandi ndege ya shirika jingine kuvuka bahari ya Atlantiki, hata kama tiketi ya shirika hilo jingine imepungua kwa dola mia mbili au mia tatu.

Makala haya ni ya kumpinga mtu huyo. Simchukii. Wengine wao ni rafiki zangu, na mmoja ni shemeji yangu. Lakini nimechoka kuisikia hoja yao ikitolewa kama busara, na vijana wanaokuja nyuma yetu wakifundishwa kwamba kukomaa katika nchi za watu ni kuwa na cheo hewani. Mimi nasema hivi: mtu anayelipa nauli kutoka mfukoni mwake, akavuka Atlantiki mara mbili au tatu kwa mwaka, anunue tiketi iliyo nafuu kwa safari ile, ya shirika lolote linaloaminika, na uaminifu wake aupeleke kwa watu wanaoweza kuurudisha.

Kwanza yafaa tujue cheo hiki kilizaliwaje, kwa maana mti huujua kwa mizizi yake. Hadi mwaka 1978 nauli za ndege ndani ya Marekani zilipangwa na serikali. Mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, basi yakashindana kwa chakula na kwa sare za wahudumu. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti huo. Kwenye Atlantiki nako upepo ulikwisha geuka. Tarehe 26 Septemba 1977 Mwingereza Freddie Laker alianzisha safari alizoziita Skytrain, kati ya London na New York, kwa pauni 59 kwa upande mmoja ukitokea London. Hapakuwa na kuweka nafasi miezi kabla. Mtu alipanga foleni, akanunua tiketi yake, akapanda. Chakula alikilipia mwenyewe. Watu ambao hawakuwahi kudhani kwamba wataiona ng'ambo ya bahari ile wakaiona.

Wakubwa wakaingiwa na hofu, nayo ilikuwa hofu ya haki: abiria ameanza kutazama bei, na abiria akishaanza kutazama bei hana mwenyewe. Dawa ikatafutwa. Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage wa kumhesabia abiria maili zake na kumzawadia. United ikafuata siku chache tu baadaye, na wengine wote nyuma yao. Februari 1982 Laker akafilisika, akiwa amezidiwa na madeni, na hali mbaya ya uchumi, na nauli ambazo wakubwa walizishusha hadi zikafanana na zake. Msimamizi wa mali zake aliyashitaki mashirika makubwa, na shauri likamalizwa kwa malipo nje ya mahakama mwaka 1985.

Sisemi kwamba kadi ndizo zilizomuua Laker. Nasema kwamba vitu viwili hivi ni vya umri mmoja: nauli nafuu, na dawa ya kumfanya abiria asiitazame nauli nafuu. Kadi haikubuniwa kwa ajili ya kukushukuru. Ilibuniwa ili ukifika sokoni usigeuze shingo. Nchi ya Norwe ililiona jambo hili kwa macho makavu. Mwaka 2002 mamlaka yake ya ushindani wa biashara ililizuia shirika la SAS kutoa pointi kwa safari za ndani ya nchi, kwa sababu pointi zile zilikuwa zikiwafunga abiria na kumzuia mshindani mpya asipate mlango wa kuingilia. Zuio hilo, ambalo baadaye lilipanuliwa kwa mashirika mengine, lilidumu hadi mwaka 2013. Wale hawakuwa wajinga.

Haki itendeke, hata hivyo. Palikuwa na wakati ambapo hesabu ya kadi ilikuwa na mantiki yake. Wakati huo maili ilikuwa maili kweli. Kutoka New York hadi London ni zaidi kidogo ya maili 3,400, na anayekwenda na kurudi aliandikiwa karibu maili 7,000, awe amelipa dola 400 au dola 1,400. Mtu mwerevu aliweza kununua tiketi nafuu na papo hapo akapanda cheo. Aliyekuwa akifanya hivyo miaka ile sina neno naye.

Lakini mkataba ule umekufa, na tarehe za kifo chake zinajulikana. Januari 2015 Delta iliacha kuhesabu umbali katika kutoa maili, ikaanza kuhesabu dola ulizolipa. United ikafanya vivyo hivyo Machi mwaka uleule, na American Airlines ikafuata Agosti 2016. Jina la maili likabaki, maili yenyewe ikatoweka. Mwaka 2022 Delta ilianza kuzinyima tiketi zake za bei ya chini kabisa maili na hesabu ya cheo kwa pamoja, yaani ilikutamkia waziwazi: chagua, nafuu au cheo. Kwa cheo cha mwaka 2025 ilibakiza kipimo kimoja tu, matumizi ya fedha. Na kwa upande wa Uingereza, British Airways nayo ilianza tarehe 1 Aprili 2025 kupima cheo kwa pauni ulizotumia: pointi 7,500 kwa kadi ya fedha na 20,000 kwa kadi ya dhahabu, pointi moja kwa kila pauni inayohesabika. Wenye kadi walipiga kelele, na kelele hizo zilipunguza makali hapa na pale. Delta ilipotangaza kanuni zake Septemba 2023 ilitaka dola 35,000 kwa cheo cha juu kabisa. Baada ya ghadhabu ya wateja ikateremka hadi 28,000. Watu wakashangilia! Hebu fikiri: mtu ameambiwa alipe elfu ishirini na nane, naye anapiga vigelegele.

Sasa tuifanye hesabu, maana hoja ya shemeji yangu haipendi karatasi na kalamu. Tuseme msafiri anavuka Atlantiki mara tatu kwa mwaka. Shirika lake analolipenda linataka dola 700 kwa kwenda na kurudi. Shirika jingine, kwa juma lilelile, linataka 450. Tofauti ni 250, na kwa safari tatu ni 750. Anapata nini kwa kuzilipa? Mfumo wa dola ulipoanza mwaka 2015, Delta na United zilimpa mwanachama wa kawaida maili 5 kwa kila dola, na mwenye cheo cha juu kabisa maili 11. Basi tiketi ya dola 700, tuache kodi ambazo hazihesabiwi, inampa mtu wa kawaida maili 3,500. Tukiipa kila maili thamani ya senti moja, ambayo kwa makadirio yangu si ya kumpunja, hizo ni dola 35. Ametoa 250 ili arudishiwe 35. Katika soko gani la kwetu, Tanga au Kariakoo, mama muuza samaki angekubali biashara ya namna hiyo?

Mtu ataniambia, “Maili ni kitu kidogo, mimi natafuta cheo.” Vema, tukitazame cheo. Kwa kanuni zile za Delta, ngazi ya chini kabisa ilihitaji dola 5,000 za matumizi kwa mwaka. Mwenye kununua tiketi za dola 600 avuke bahari mara nane, bado atakuwa na 4,800, na mlango umefungwa mbele ya pua yake. Na hiyo ni ngazi ya chini, inayompa mtu begi, nafasi ya mbele kidogo katika foleni, na matumaini ya kiti kizuri. Nimesema matumaini. Ikifika mwisho wa mwaka kipimo kinarudi sifuri, naye anaanza upya kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha. Ndiyo maana kila Desemba wapo watu wazima wanaopanda ndege bila kuwa na mahali pa kwenda, ili tu wasishuke cheo. Wanafika mji wa watu, wanakunywa kahawa uwanjani, wanageuza.

Na tuseme umefaulu, cheo umekipata. Je, ni chako? Swali hili limekwisha kufika Mahakama ya Juu ya Marekani. Rabi mmoja wa Minnesota, Ginsberg, alikuwa na cheo cha juu katika mpango wa shirika la Northwest. Mwaka 2008 shirika lilimfuta, likidai kwamba analalamika kupita kiasi na kwamba masharti ya mpango yanaliruhusu kuamua lenyewe ni nani anayeutumia vibaya. Akashitaki, akisema kwamba hakutendewa kwa nia njema. Aprili 2014 majaji wote kwa kauli moja waliamua kwamba dai lake la nia njema haliwezi kusikilizwa, kwa kuwa linazuiwa na sheria ileile ya mwaka 1978. Aidha mahakama ilieleza kwamba msafiri asiyeupenda mpango anaweza kuuepuka, na huenda akapata wa mshindani ulio bora zaidi. Ndugu msomaji, mimi ndivyo ninavyosema! Mahakama ya juu kabisa ya nchi imemwambia abiria: usiporidhika, hama. Basi kwa nini tungoje hadi tufutwe ndipo tuhame?

Kuna jambo jingine ambalo wenye kadi hawapendi kulisikia. Janga la korona lilipozisimamisha ndege, mashirika yalitafuta kitu cha kuweka rehani ili yakope. Mwaka 2020 United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa dhamana ya mpango wake wa maili. Delta ikakopa bilioni 9 kwa njia hiyohiyo. American Airlines ikafuata Machi 2021 kwa bilioni 10. United ilionyesha makadirio kwamba mpango huo peke yake una thamani ya karibu dola bilioni 22, ambazo zilizidi thamani ya hisa zote za kampuni yenyewe sokoni wakati ule. Utajiri huo unatoka wapi? Unatoka zaidi kwa benki zinazonunua maili ili kuuza kadi za mkopo, na benki hazinunui hewa. Zinanunua shingo yako isiyogeuka. Uaminifu wako uliwekwa rehani, na wewe hukuulizwa.

Nawasikia wakijibu kwa methali. Wanasema, rahisi yavunja upishi. Wanataja mashirika ya bei nafuu yaliyokufa yakawaacha watu njiani, nao hawasemi uongo. Primera Air ilianguka Oktoba 2018. WOW ya Aislandi ilisimama tarehe 28 Machi 2019, abiria wakiwa na mizigo mikononi. Norwegian iliachana na safari za Atlantiki Januari 2021. PLAY, ya Aislandi pia, ilifunga Septemba 2025. Lakini sikilizeni nilivyosema: shirika lolote linaloaminika. Nauli ya chini haina shirika moja. Juma hili ipo kwa shirika kubwa la Uingereza, juma lijalo kwa la Ufaransa, mwezi ujao kwa lilelile la shemeji yangu. Aliye huru huchukua popote ilipo. Na pale inapokuwa kwa shirika changa, kuna tahadhari za kawaida: lipa kwa kadi ya benki ambayo unaweza kuidai fedha zako, usinunue mwaka mzima kabla, na usiunganishe na safari nyingine kwa tofauti ya saa moja. Tahadhari hizo hazigharimu dola 750.

Wanasema tena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo naipenda, lakini wanaielekeza upande usio wake. Mbachao ni ule mkeka wako mkuukuu unaoujua, ulio ndani ya nyumba yako. Katika jambo hili mkeka wangu ni fedha iliyomo benki kwa jina langu. Mpango unaobadilishwa kanuni kila baada ya miaka michache na watu nisiowajua, huo ndio msala upitao.

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni ya matatizo. Ndege ikiharibika, wanasema, ndipo utakapoijua kadi. Hapo nina ushahidi wa macho yangu. Jioni moja ya Novemba 2018 nilikuwa London nikirudi Boston, katika ndege ya shirika ambalo sitalitaja, kwa kuwa juma lile ndilo lililokuwa nafuu. Shemeji yangu alikuwa ndani ya ndege ileile kwa kuwa ndilo shirika lake siku zote. Tukashushwa, injini ina hitilafu, safari imefutwa. Yeye akaitwa kwenye foleni ya wenye cheo. Akanipungia mkono akisema, “Shemeji, umeona sasa?” Niliona. Alihudumiwa dakika arobaini kabla yangu, na sitamnyang'anya dakika zake. Lakini alizitumia kunisubiri kwenye basi, kwa sababu basi lilikuwa moja. Hoteli ilikuwa moja, wali na kuku ulikuwa mmoja, na ndege ya asubuhi ilikuwa moja. Baada ya miezi kadhaa kila mmoja wetu alilipwa euro 600, si senti zaidi wala pungufu, kwa sababu kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, haimuulizi abiria rangi ya kadi yake. Inauliza umbali wa safari na kilichosababisha.

Tafakari hilo. Kilichotulaza kitandani usiku ule na kutulipa fidia ilikuwa sheria. Watu walikaa bungeni wakaamua kwamba binadamu aliyeachwa uwanjani ana haki, awe nani. Haki hiyo haiishi tarehe 31 Desemba. Laiti nguvu wanazotumia wenzetu kuhesabu pointi wangezitumia kudai haki kama hizo huku Marekani, hata anayesafiri mara moja kwa miaka kumi angenufaika. Lakini cheo humnyamazisha mtu. Aliyepewa kiti cha mbele halalamikii ufinyu wa viti vya nyuma. Ndio unaoipa kadi yake thamani.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Foleni ikiwa fupi kwa wote, nani atanunua njia ya kuikwepa? Kiti kikiwa na nafasi ya magoti kwa wote, nani atahangaikia cheo? Biashara hii inahitaji daraja la kawaida liwe la usumbufu, si kwa ukatili, bali kwa hesabu. Adabu, ambayo kwetu mgeni huipata kabla hajaulizwa jina, huku inakatwa vipande na kuuzwa: tabasamu kwa ngazi ya kwanza, jina lako kutamkwa vizuri kwa ngazi ya tatu. Sisi tuliokulia Tanzania ya Mwalimu Nyerere tulifundishwa shuleni kwamba cheo ni dhamana, yaani unapewa ili uwatumikie wengine. Hiki cha hewani hakina wa kumtumikia. Kazi yake ni kumpita mama mwenye mtoto mgongoni mlangoni mwa ndege, wakati wote mtafika London dakika ileile.

Wapo ambao kadi inawafaa kweli, nao niwaache na kadi zao. Ni wale wanaolipiwa nauli na waajiri. Mwajiri analipa, mfanyakazi anaokota maili. Ndiyo siri ya mpango mzima kufanikiwa: anayechagua tiketi siye anayeilipia. Mwaka 2002 huko Ujerumani jambo hilo lilizua kashfa. Wanasiasa waligundulika wametumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za umma, na Gregor Gysi akajiuzulu uwaziri katika serikali ya jimbo la Berlin. Ajabu ni kwamba sisi tunaojilipia tunaiga mwendo wa watu hao. Wao wanakula cha mwingine. Sisi tunajila wenyewe na kujiona tumeshiba.

Sasa niseme kwa nini jambo dogo kama hili la tiketi linanichoma. Kila mmoja wetu huku analala na hofu ya simu ya usiku wa manane. Mwaka 2019 yangu ililia. Kaka yangu mkubwa amefariki Tanga. Mazishi ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Sitayawahi, hilo nililijua kabla sijakata simu. Lakini hitima ni siku ya tatu. Nikanunua tiketi usiku uleule, ya shirika ambalo sikuwahi kusafiri nalo, kupitia mji wa Ulaya ambao sikuwahi kuukanyaga, kwa sababu ndilo lililokuwa na kiti. Bei ilikuwa ya kutisha, kama zilivyo bei zote za usiku wa namna hiyo. Cheo hakishushi nauli, hakuna shirika ambalo lingeniambia, “Pole kwa msiba, wewe ni wa dhahabu, lipa nusu.” Kilicholipa ni akiba. Zilikuwa zile mia mbili na mia tatu za miaka mingi, ambazo nilizitoa kwenye nauli nikaziweka mahali. Nilifika Tanga alasiri ya siku ya tatu, nikakaa jamvini na watoto wa marehemu.

Mtu atasema maili nazo ni akiba, unaweza kuzitumia siku kama hiyo. Ni akiba ambayo mwenye duka ndiye anayepanga thamani yake kila asubuhi. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015, na United ikaondoa lake mwaka 2019. Tangu hapo tiketi ya maili hupanda pamoja na ile ya fedha, na siku unayoihitaji sana ndiyo siku inayopanda sana. Fauka ya hayo, tiketi inayoitwa ya bure kuvuka Atlantiki yaweza kukudai mamia ya dola za kodi na ada. Dola iliyomo benki hula mfumuko wa bei, kweli, lakini hununua tiketi, dawa, sanda na mchele wa hitima. Maili hainunui sanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikaa kununua tiketi yako ijayo, fanya mambo matatu. Tazama bei za mashirika yote yanayofika unakokwenda, si la mwenye kadi tu. Ongeza gharama ya begi kama unalo, maana nafuu ya jina tu si nafuu. Kisha chukua iliyo chini, na siku ileile, kabla hujasahau, hamisha ile tofauti kutoka akaunti ya matumizi kwenda ya akiba. Iandike jina la mtu: la mama, la mtoto aliyeko sekondari, au la safari ambayo huombi itokee. Kuhusu viti, vyote huvuka bahari ileile.